Mtutu Usioguswa

Imeingia hoja mpya miongoni mwa wapenda bunduki wetu, nami nimeisikia ikirudiwa kuanzia Mbagala hadi ng'ambo ya Daraja la Mkapa. Inadai kwamba bunduki fupi wanazobeba askari wetu zinakosa shabaha kwa sababu ya kishikio, na kwamba dawa yake ni kuzivisha vishikio vya kisasa visivyogusa mtutu. Wanaoisema si wajinga. Wengine ni wawindaji wenye leseni na uzoefu wa miaka mingi, wengine ni vijana waliosoma sana majarida ya nje. Wanaisema kwa nia njema, hasa wanapoitaja Rufiji na Kibiti, ambako bunduki si pambo la ukutani bali ni chombo cha kumtoa kiboko katika mpunga. Lakini nia njema haimzuii mtu kupotoka. Hoja hii ina gharama, na gharama hiyo mwishowe itamwangukia mkulima aliyelala dunguni. Kwa hiyo nimeona niipinge waziwazi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana nimewaona watu wakibishana nusu siku, kila mmoja akisema habari ya kitu kingine. Kishikio ni ile sehemu ya mbele, ya mti au plastiki au aluminiamu, iliyouzunguka mtutu, ambayo mkono wa kushoto huikamata ili usiungue. Katika bunduki nyingi sehemu hiyo imebanwa kwenye mtutu wenyewe: nyuma inashikwa karibu na mwili wa bunduki, mbele inashikwa na pete iliyovishwa juu ya mtutu. Basi ukikaza mkanda begani, au ukiegemeza kishikio juu ya gogo, nguvu ile haiishii kwenye kishikio. Inapita mpaka kwenye mtutu na kuupinda. Huupinda kidogo sana, jicho halioni, lakini risasi inaona. Kishikio hiki cha kisasa kimefungwa nyuma tu, kwenye mwili wa bunduki, na mbele hakigusi kitu. Kaza mkanda utakavyo, egemeza utakavyo, mtutu umekaa peke yake ndani ya bomba lake kama ulimi ndani ya kengele.

Hilo ni kweli, wala sitalikana. Katika bunduki za Kimarekani za ukoo wa M16, na hasa ile fupi iitwayo M4, mpigaji anayekaza mkanda kwa nguvu anaweza kuiona risasi yake ikihama sentimita kadhaa katika mita 100. Vishikio visivyogusa mtutu huondoa sehemu kubwa ya kosa hilo. Wala jambo lenyewe si geni Afrika Mashariki. G3 ya Kijerumani, ambayo majeshi ya Kenya yaliibeba kwa miaka mingi, ina kishikio kisichougusa mtutu, na hakuna aliyeifanyia ngoma kwa sababu hiyo. Ilikuwa bunduki ya kazi tu.

Ninachokataa ni lile neno "kwa hiyo". Kishikio kisichogusa mtutu ni kizuri, kwa hiyo tukiweke kwenye bunduki za askari wa Rufiji. Hapo pana mto mpana usio na kivuko.

Tuanze na sababu yenyewe. Wapenzi wa kishikio hiki husema kwamba mtutu unataka uhuru. Mtutu hautaki uhuru. Unataka kila siku iwe kama jana. Waingereza waliotengeneza ile bunduki ndefu ya .303 waliyoibeba askari wa KAR waliufunika mtutu kwa mti karibu mpaka mdomoni. Na katika ile ya Namba 4 mti ulichongwa makusudi ili uusukume mtutu kwenda juu karibu na mdomo wake. Ulikuwa msukumo uliopimwa. Bunduki hizo zilishinda mashindano ya shabaha kwa miaka mingi zikiwa zimeguswa, tena zimesukumwa. Kilichoziharibu ni msukumo kubadilika: mti ukinywa maji wakati wa masika ukavimba, kisha ukakauka kiangazi ukasinyaa, risasi nayo ilihama pamoja na majira.

Nitawapa wapinzani wangu silaha ambayo wao wenyewe hawajaitumia. Kama kuna mahali hapa nchini ambapo mti wa bunduki una haki ya kuvimba, ni delta ya Rufiji. Kuna mvua, kuna mto unaofurika, kuna bamvua linaloingia kwenye mikoko mara mbili kwa mwezi na kuacha kila kitu kikiwa na unyevu wa chumvi. Mti wa bunduki uliokaa mwaka mzima Salale au Mohoro si mti uliotoka kiwandani. Hoja hii ni nzito kuliko zote nilizosikia kwao, na nashangaa kwamba hawaitumii. Wao husema tu kwamba wanajeshi wa Marekani wanavyo.

Sasa tuangalie bunduki zenyewe. Ile fupi ambayo askari wetu wamezoea kuiita SAR ni kazi ya Mrusi Simonov, na jina lake la Kirusi linaitaja waziwazi kuwa ni karabini. Hapa kwetu nyingi ni za Kichina. Mtutu wake una urefu wa sentimita 52, magazini yake inachukua risasi 10, na uzito wake bila risasi unakaribia kilo nne. Ukiichunguza utaona kwamba juu ya mtutu huo limefungwa bomba la gesi, na chini yake imefungwa singe ya kukunja. Mti wenyewe unaufuata mtutu kwa chini na kukutana nao mbele kwa kofia ya chuma. SMG nayo, ile tunayoiona begani mwa kila askari wa doria, ni vivyo hivyo: bomba la gesi liko juu ya mtutu, na kishikio kimeshikwa na mtutu. Bunduki hizi hazikutengenezwa ili mtutu usiguswe. Ukitoa kishikio cha mti ukaweka cha aluminiamu kilichoandikwa maneno mazuri, bomba la gesi lipo palepale linaning'inia, na mara nyingi hicho kipya nacho kitafungwa palepale kilipofungwa cha zamani. Ulichonunua ni koti.

Hata mahali ambapo mti ulipunguzwa kweli, mambo hayakunyooka. Mwaka 1944 Waingereza waliikata ile Namba 4 wakapata bunduki fupi nyepesi kwa vita vya msituni, wakaiita Namba 5. Mti wa mbele waliufupisha, sehemu kubwa ya mtutu ikabaki wazi hewani. Kilo nzima karibu ilipungua. Askari waliipenda kwa wepesi wake na kuilaani kwa teke lake la begani. Kisha lalamiko likaja: bunduki unayoipima asubuhi ikapiga katikati, baadaye inapiga pengine, na hakuna aliyejua kwa nini. Majaribio yalifanywa, dawa haikupatikana, na mwaka 1947 utengenezaji ukasimamishwa. Mafundi wengi waliishuku ile kazi ya kupunguza chuma kwenye mwili wa bunduki ili iwe nyepesi. Sisemi kwamba Namba 5 ilikuwa na mtutu usioguswa; haikuwa hivyo. Nasema kwamba bunduki fupi hukosa kwa sababu nyingi, na anayekimbilia kishikio kabla ya kuzitazama nyingine ni kama tabibu anayempa dawa ya minyoo kila anayeingia zahanati.

Haya, tuseme ndugu zangu wamepata bunduki ya ukoo wa M4, wakaiwekea kishikio bora kabisa, wakaileta delta. Itawafaa nini?

Nendeni mkasimame kwenye shamba la mpunga upande wa Muyuyu, au ukingoni mwa mikoko ya Nyamisati, mniambie mnaona umbali gani. Pale penye matete huoni hatua 10. Kwenye mpunga uliokomaa unaona mgongo wa nguruwe, kama una bahati. Na hayo ni ya mchana, wakati mharibifu halii shambani. Anakuja usiku. Mkulima wa Rufiji anakaa dunguni, kibanda juu ya nguzo, na silaha zake ni debe, kombeo, moto na sauti yake. Askari wa wanyamapori akifika, atapiga kwa hatua 20, au 30, au chini ya hapo.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. SAR ya kawaida, yenye mtutu mzima na risasi nzuri, mikononi mwa mtu anayejua kazi, inakusanya risasi zake ndani ya duara la sentimita 10 hadi 12 katika mita 100. Tuongeze na kosa la mkanda, tuseme sentimita 10 nyingine, ingawa katika mti ule hazifiki. Katika mita 30, kosa hilo la mkanda linabaki sentimita 3, yaani upana wa vidole viwili. Moyo na mapafu ya nguruwe ni shabaha ya upana wa kisahani cha chai. Ya simba ni kubwa zaidi. Ya kiboko usiseme. Vidole viwili havijawahi kumwokoa nguruwe yeyote. Kinachomwokoa ni askari kutetemeka, au tochi kufifia, au risasi kukwama, au askari mwenyewe kuwa Utete wakati nguruwe yuko delta.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya simba, maana hapo ndipo mzaha unapokwisha. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba waliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji. Watu walichukuliwa mashambani, madunguni, na katika nyumba za makuti. Simba mmoja alipata umaarufu hata wananchi wakampa jina la Osama. Askari wa wanyamapori walimuua mwezi Aprili 2004 upande wa Ngorongo, na alipochunguzwa alikutwa na jino la gego lililovunjika na kuoza. Mwaka 2005 watafiti, Watanzania wakiwemo, waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini, na Rufiji na Lindi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Walieleza pia sababu ambayo kila bibi wa Rufiji anaijua: nguruwe mwitu huja kula mazao, mkulima huenda kulala shambani ili amfukuze nguruwe, na simba humfuata nguruwe akamkuta mkulima.

Miezi ishirini, watu 35. Je, simba wale waliishi muda wote huo kwa sababu risasi za askari zilipotoka sentimita tatu? Waliishi kwa sababu ni vigumu kumpata simba ambaye leo yuko kijiji hiki na kesho yuko kingine, katika nchi ya vichaka na mito, askari wakiwa wachache na vijiji vikiwa mbali. Siku alipoonekana karibu, alikufa, na alikufa kwa bunduki za kawaida zisizo na fahari yoyote. Anayetaka kupunguza misiba ya namna ile aanze na nguruwe. Kisha ahesabu idadi ya askari, mafuta ya gari na ya boti, na muda unaopita tangu habari ipigwe hadi mtu mwenye bunduki afike. Katika orodha hiyo kishikio hakimo hata mwishoni.

Delta yenyewe imeshawahi kutoa ushahidi katika kesi hii, tena kwa mitutu mikubwa kuliko yote iliyowahi kulenga kitu Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mifereji ya delta nyuma ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina cha maji. Hatimaye zikaletwa mbili za chini bapa, Severn na Mersey, ambazo kwanza zilijengwa kwa ajili ya Brazil zikafanye kazi mto Amazon. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni zikapiga mchana kutwa. Zilikuwa na mizinga mizuri na mabaharia waliofundishwa, na ndege juu iliyotoka kisiwa cha Mafia iliangalia makombora yanaanguka wapi. Zikatupa mamia ya makombora, na Königsberg ikabaki inaelea. Wajerumani, kwa upande wao, walipiga vizuri sana siku ile, wakaijeruhi Mersey na kuua watu wake.

Kwa nini? Wajerumani walikuwa na watu wao mikokoni karibu na adui, wakitazama na kupeleka habari. Waingereza walikuwa wakipiga meli zote mbili kwa pamoja, na yule aliye angani hakuweza kujua kombora lipi ni la nani. Akisema "ongeza", aongeze nani? Tarehe 11 Julai zilirudi, na safari hii ikawa inapiga meli moja tu kwa zamu. Ndege ikapigwa ikaanguka mtoni, lakini kabla ya hapo ilikuwa imeshasema kilichotakiwa kusemwa. Königsberg ikawaka moto, na nahodha wake Looff akaamuru izamishwe. Mitutu ilikuwa ileile ya siku tano kabla, imefungwa vilevile. Kilichobadilika ni jicho.

Na kama mtu atasema kwamba mizinga si bunduki, basi tuchukue bunduki. Vita ile ilipoanza, askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walikuwa na Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti ya zamani ya moshi. Ukipiga risasi moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka chako na kumwambia adui wote: niko hapa. Hata ungeufanyia nini mtutu ule, moshi ungebaki. Aprili 1915 meli Rubens, iliyokuwa imeleta makaa ya kuiwezesha Königsberg kutoka Rufiji pamoja na shehena ya silaha, ilikimbizwa na Waingereza ikapigwa ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Silaha ziliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe kwa mikono, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya. Mtu aliyeingia vitani na risasi ya namna ile hakuwa na nafasi ya kufikiri habari ya mti wa mbele. Alikuwa akifikiri kama italia au haitalia.

Ndiyo maana nasema, kama kuna senti ya kutumia kwa ajili ya shabaha Rufiji, iende kwanza kwenye risasi. Risasi iliyokaa miaka mingi ghalani katika hewa ya chumvi haiaminiki. Nyingi katika risasi za zamani za Kichina, tena, zina viwashio vinavyoacha chumvi ndani ya mtutu. Usipouosha kwa maji ya moto na kuupaka mafuta siku ileile, kutu inaanza kabla hujalala. Nimeona mitutu iliyoliwa ndani kama jino bovu, na mwenyewe anataka kishikio kipya. Kuna pia wale wanaosafisha kwa fimbo ya chuma kutoka mdomoni kwa nguvu za mtwangaji, mpaka mdomo wa mtutu unapanuka upande mmoja. Bunduki ya namna hiyo unaweza kuivisha hariri.

Baada ya risasi ni mazoezi. Kishikio kizuri cha Kimarekani huuzwa huko kwao kwa dola 150 hadi 400. Kwa bei za hukohuko, fedha hizo hununua risasi mia kadhaa. Mpe askari mmoja wa wanyamapori risasi mia kadhaa, mwalimu mkali, na shabaha ya karatasi yenye umbo la nguruwe saa mbili za usiku. Halafu mpe mwenzake kishikio bila risasi. Baada ya miezi sita uwapeleke wote wawili shambani. Sidhani kuna mpenda bunduki hata mmoja atakayeweka dau lake kwa yule wa pili.

Tena tukumbuke fedha hizo ni kiasi gani kwa mtu wa kule. Kanuni za mwaka 2011 zilipoanza, kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali kilikuwa shilingi 1,000,000. Kishikio kimoja cha bei ya juu, kikiisha kufika hapa, kinaikaribia thamani hiyo. Nashindwa kuipita hesabu hii bila kuitazama mara mbili.

Najua nitaulizwa juu ya polisi, maana Kibiti haitajwi siku hizi bila hilo. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, wilayani Kibiti, wakiwa garini wanarudi kutoka lindoni, na silaha zao zikachukuliwa. Mwaka ule na ule uliotangulia wenyeviti wa vijiji, watendaji na raia wengine waliuawa pia. Nimesikia watu wakilitumia tukio lile kudai silaha za kisasa zaidi na vifaa vyake. Nawaomba waliache. Watu waliovamiwa ghafla ndani ya gari hawakukosa shabaha. Hawakupewa nafasi ya kulenga. Yaliyokosekana siku ile ni mambo ya habari, ya njia na ya namna ya kusafiri, na wenye dhamana wanayajua kuliko mimi. Kuyageuza kuwa tangazo la kishikio ni kukosa adabu kwa marehemu.

Kuna jambo moja katika tabia yetu ambalo linanisumbua zaidi ya chuma chenyewe. Nchi ile ya Rufiji na Matumbi inajua vizuri habari ya kutafuta kinga ya risasi. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wasomi wetu hupenda kuwacheka watu wale kwa kuamini kwamba risasi itageuka maji. Lakini maji yale yaliunganisha makabila kuanzia Matumbi hadi Ungoni, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na neno moja. Hirizi hii ya aluminiamu haimuunganishi mtu na yeyote. Inamtenga na wenzake, kila mmoja akitaka yake iwe na mashimo mengi zaidi.

Kuna wanaostahili kuwa nacho, nisije nikasemwa kwamba nachukia kila kipya. Anayepiga mita 300 akiwa amelala, bunduki imewekwa juu ya miguu miwili ya chuma na mkanda umekazwa mpaka unalia, huyo kishikio kisichogusa mtutu kitamlipa kila senti. Mashindano ya shabaha ni hivyo. Nyanda za Serengeti, pengine. Lakini asije Delta kutufundisha ya nyika. Na yule askari wetu mwenye SAR anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo bure, akikumbuka tu kutoegemeza mtutu juu ya ukingo wa dungu. Aweke mkono wake au mfuko wa mchanga chini ya mti, karibu na magazini, na kila mara aweke palepale. Apime bunduki yake kabla ya masika na baada ya masika, kwa kuwa mti utakuwa umebadilika. Akifanya hayo mawili tu, amewazidi wengi wenye vifaa.

Nimebakiza hoja yao moja, na ni ya akili: kwamba vishikio hivi vya kisasa vina reli za kufungia tochi, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimesema kazi ya Rufiji ni ya usiku, basi nimejifunga kwa kamba yangu. Ni kweli, tochi ni nusu ya kazi. Ila tochi haihitaji reli. Wazee wa kule huifunga chini ya gobore kwa mpira wa baiskeli, nao hupiga. Huko ni kuugusa mtutu waziwazi, tena kwa tochi yenye betri tatu, na katika hatua 20 nguruwe hajapata kuitambua tofauti hiyo. Hata hivyo wanaoijua kazi hawaifungi popote. Huenda wawili. Mmoja anashika tochi, akiwa amesimama hatua mbili kando na nyuma kidogo ya mpigaji, ili mwanga usimrudie usoni na ili mnyama akiurukia mwanga asimwangukie mwenye bunduki. Anamulika mara moja tu, macho ya mnyama yakishawaka, na anaushikilia mwanga pale hadi risasi itoke. Wanawake wengi wa Rufiji wanaijua kazi hiyo ya kushika tochi kwa miaka mingi, na mkono wao hautetemeki.